Mama wa Usipa

Mwaka 1975 usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, waliadimika, na Bwana Samaki, ofisa wa uvuvi, akateremka Matema kutoka Mbeya kuja kutafuta wa kumlaumu.

Jina lake Kalinga, mtu wa Iringa, kijana wa viatu vya kamba na maneno ya chuoni. Aliwakusanya watu ufukweni, akaokota wavu uliokuwa karibu, akajaribu kupenyeza kidole kwenye tundu. Hakikupita.

"Mnaona? Mnavua watoto. Mtu akichinja ndama wote, mwakani atakamua nini? Kuanzia leo nyavu za namna hii ni marufuku."

Tupokigwe alikuwa amesimama nyuma na wanawake wenzake. Miaka kumi na tisa alikuwa akianika usipa anaowavua mumewe, Asukile, na kuwapandisha hadi Tukuyu kuuza. Alipita mbele bila kuitwa.

"Baba, hao si ndama. Ni ng'ombe wazima. Usipa hakui zaidi ya hapo. Anazaliwa, anazaa, anakufa, na mwaka wenyewe haujaisha."

"Mama, mimi nimesomea samaki."

"Na mimi nimewaanika. Mwaka nilioolewa walipotea hivihivi, na nyavu zilikuwa sita tu ufukwe mzima. Mwaka uliofuata tuliwamwagia hata kuku. Wapasue tumbo uone."

Watu wakacheka. Kalinga hakucheka. Akaamuru nyavu zipakiwe kwenye Landrova.

Asukile alikuwa na nyavu mbili. Mmoja aliupeleka mwenyewe. Wa pili Tupokigwe aliukalia. Alitandika kitenge juu yake, akaketi, akaanza kuchagua mchele. Mgambo aliyekuja kupekua alimwamkia kwa adabu, akapita.

Hazikupita wiki mbili, watu wakachoka kula ugali kwa majani. Wanawake wakaingia ziwani na kanga, wawiliwawili, maji yakiwafika kiunoni, wakawa wanazoa visamaki. Kanga haikutajwa kwenye amri. Wifi yake Tupokigwe, jina lake Tusajigwe, akamletea bakuli limejaa.

"Tumemkomoa Bwana Samaki!"

Tupokigwe akachungulia. Vitoto vyembamba kama uzi, mwili unapitisha mwanga, hakuna kinachoonekana ila macho.

"Umemkomoa nani, wifi? Hawa ndio watoto wenyewe. Huku kwenye maji ya magotini ndiko wanakokulia. Kule kwenye kina tulikuwa tunavua mama zao, ambao mwaka ukiisha wanakufa hata wasipovuliwa. Wewe umevua na wa mwakani."

"Basi tule nyasi?"

"Kuleni nyasi. Hapa hamwingii tena."

Kesho yake alisimama ufukweni na fimbo ya mwanzi, akawachapa na kuwafukuza mmoja mmoja, mke wa mwenyekiti akiwamo. Walimtukana. Tusajigwe akaapa hatakanyaga tena nyumbani kwake.

Jioni ile akamwambia mumewe, "Baba Jailos, kesho tunautoa wavu."

"Unataka nifungwe?"

"Nitafungwa mimi. Wewe piga kasia."

Asukile akaenda kuangalia kama mtumbwi unavuja. Alfajiri wakaingia kwenye kina wote wawili, mwanamke ndani ya mtumbwi wa kuvulia, jambo ambalo wazee wa pale hawakulipenda hata kidogo. Hawakupata hata nusu tenga, lakini usipa walikuwa wanene, matumbo yamevimba. Tupokigwe akachukua makopo mawili ya maziwa ya unga. Moja alilijaza usipa wa kwenye kina, jingine vile vitoto vya wifi yake, vyote kwa chumvi. Akapanda lori la mpunga pale Ipinda, akashuka Mbeya akiwa amekakamaa kwa baridi.

Kalinga alimkumbuka mara moja. Alitazama kopo la kwanza.

"Hawa umewatoa wapi?"

"Kwenye kina."

"Kwa wavu gani?"

"Ule uliokupita."

Kalinga akasimama. "Mama, unajua kwamba umekiri kosa mbele ya ofisa wa serikali?"

"Nimekiri. Polisi hapa mjini sijui waliko, utanionyesha. Pasua kwanza."

Kalinga akaketi tena. Kisha akatandaza gazeti, akatoa wembe kwenye droo. Usipa wa kwanza alimwaga mayai kama unga wa ulezi. Wa pili vivyo hivyo. Wa kumi naye. Kalinga akajifuta vidole, akafungua kopo la pili.

"Hivi vinazolewa na watu wangapi?"

"Ufukwe mzima, mpaka niliposhika fimbo. Wewe ndiye uliyewapeleka huko."

Kalinga akalifunika kopo. "Amri siwezi kuifuta. Aliyeitia saini yuko juu yangu."

"Mwandikie."

"Itachukua miezi."

"Mwandikie leo. Kisha nipeleke polisi."

Kalinga aliandika, Tupokigwe akiwa ameketi palepale anamtazama. Na kweli akampeleka polisi, maana kosa lilikuwa kosa. Tupokigwe alikaa mahabusu siku mbili, akatoka na karatasi ya onyo. Wavu ule wa pili nao ukachukuliwa.

Mwezi wa tatu tangu barua ile nyavu zilirudi na amri mpya: ruksa kuvua kwenye kina, marufuku kuzoa ufukweni kwa kitu chochote. Masika yaliyofuata usipa wakafurika, vichanja vya kuanikia havikutosha.

Kalinga akaja tena, akaitisha mkutano. Alisema usipa wamerudi kwa sababu ya usimamizi bora wa serikali. Kisha akamwomba Tupokigwe asimame aombe radhi kwa kuficha wavu, ili wengine wajifunze.

Tupokigwe akasimama.

"Usipa waliondoka kabla hujaja, na wamerudi bila kukuuliza. Hili ziwa lina miaka ya kutoa na miaka ya kunyima. Sisi letu ni kuwaacha watoto wakue, basi. Wavu niliuficha. Ukileta amri nyingine kama ile, nitaficha mwingine."

Mwenyekiti akakohoa. Asukile aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko anachokizuia.

"Na sisi alituchapa na fimbo!" Tusajigwe akapaza sauti kutoka nyuma. "Hilo nalo aliseme!"

"Niliwachapa," Tupokigwe akajibu. "Andika na hilo, baba."

Kalinga akaandika.