Nusu Kibuyu cha Maziwa

Miaka arobaini nimechunga ng'ombe na hakuna mwizi aliyewahi kunipata. Aliyenipata ni nesi.

Mwaka sabini na nne nilitoka Rujewa kwa basi hadi Iringa kupasuliwa ngiri. Daktari wa upasuaji alifika hospitali ile mara moja kwa mwezi. Mwanangu Limbu alikuwa ameshasema: nisipopona kabla ya kiangazi, atahamisha ng'ombe bila mimi.

Nesi Leokadia, mtoto wa Kalenga, siku ya kwanza aliniita babu. Siku ya pili akaniita mume wangu, kama wajukuu wanavyotania babu zao, na wodi nzima ikacheka. Aliponinyoa kule chini alisema, "Tulia, mume wangu, nisije nikatutia hasara sote wawili." Nikampenda kweli.

Asubuhi ya upasuaji akaniuliza kama nimekula.

"Hata punje," nikasema. Sikusema uongo.

Akaketi kitandani kwangu. "Nyie Wasukuma! Safari kubwa hivi ya kwenda kupasuliwa, hata maziwa hukunywa?"

Nikacheka, nikamwonyesha kibuyu changu chini ya kitanda. Kwetu mtu haanzi safari bila maziwa mgando, na maziwa si chakula. Aliyekunywa maziwa bado anasubiri ugali.

"Ulimaliza chote?" Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Nusu."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi, kulipopambazuka. Lakini hiyo siri ya mke na mume."

"Ya mke na mume," akasema, akanipiga begani.

Haikupita robo saa, daktari akasimama mbele yangu na faili. Maziwa mgando, nusu kibuyu, kulipopambazuka. Hakuna neno lililosahaulika. Machela iliyokuja kunichukua ikambeba Yotamu wa kitanda cha pili, nami nikaambiwa mwezi ujao. Kiangazi hakimngoji mtu.

Leokadia alirudi, hacheki tena. "Ukilazwa usingizi kwa dawa, maziwa yanapanda, yanaingia mapafuni. Nimeshaona mtu akifa kwa kikombe cha uji. Nisamehe, babu."

Nilielewa. Hata mtoto angeelewa. Angeniambia hivyo tangu mwanzo, ningemtajia kibuyu mwenyewe.

Nikageukia ukutani. Babu, ameniita. Kumbe ule umume ulikuwa wa kutafutia kibuyu tu.