Nguo Zikikauka

Mkewe alikuwa na kibanio cha nguo mdomoni alipolisema neno lile, kwa hiyo Mwalimu hakulisikia vizuri.

"Unasemaje?"

Mke akakitoa kibanio, akabana blauzi ya mwisho kwenye kamba, akarudia polepole. "Nimesema nguo hizi zikikauka, naenda kwa dada. Na sirudi."

Mwalimu hakuwa mwalimu wa shule. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akifundisha watu kuendesha gari, naye hukaa kiti cha abiria, mguu juu ya ile breki ya pili. Sifa yake ilikuwa upole. Mwanafunzi akilielekeza gari mtaroni, yeye husema tu, "Kushoto kidogo," kama mtu anayeomba chumvi mezani. Watu walimpenda kwa hilo. Nyumbani ulikuwa wimbo mwingine: mtu asiyepandisha sauti akizidi, mwishowe huwa hana sauti kabisa.

Basi siku ile, mke aliyeishi naye miaka ishirini na nne amemwambia anamwacha, yeye akatazama juu.

"Kuna wingu," akasema.

Mkewe akamtazama kitambo, akaokota beseni, akaingia ndani ya gari.

Safari yenyewe ilikuwa wazo la Mwalimu. Alinunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti, akajenga kitanda nyuma, akaweka jiko la gesi la mafiga mawili, sinki la kunawia na tangi la maji juu ya paa. Miezi mitano alipiga misumari. Alidhani kwa kuwa nyumba imekuwa na kimya cha kutisha, huenda barabara ikawasemea. Lakini kimya nacho kilipanda gari, kikakaa katikati yao. Siku ya sita walifika kwenye uwanja huu wa kambi, kando ya msitu wa misonobari, penye mabafu, bomba na majani ya kuegeshea. Mkewe akafua kila alichokuwa nacho, akaacha gauni moja tu mwilini. Mwalimu alidhani ni usafi. Kumbe mwenzake anafunga safari.

Wingu halikuwa la uongo. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Wakaanua mbiombio, wakazifunga kamba ndani ya gari, kutoka kitandani hadi kwenye usukani, wakaanika upya. Ukitaka kufika jikoni sharti upasue njia katikati ya sketi. Vioo vilitoa jasho, mkate ukalainika, mto ukanuka unyevu. Walikula maharage wakiwa wametenganishwa na shuka, kila mmoja akisikia kijiko cha mwenzake. Mwalimu, Mungu amsamehe, aliishukuru mvua ile.

Jirani yao kambini alikuwa mzee mnene mwenye gari-nyumba la kuvutwa, lililozungushiwa kamba kama mzigo wa sokoni. Kambi nzima ilimwita Mzee Kamba, na hakuna aliyewahi kumwomba ushauri, maana hakumpa mtu nafasi ya kuomba.

"Fungueni dirisha kidogo!" alikuja kupiga kelele chini ya mwavuli. "Gari nalo linapumua! Mtaota kuvu humo!" Akaingia bila kukaribishwa, akashika sketi, akatikisa kichwa. "Mama, hapa mnaanika maji, hamuaniki nguo. Lete taulo."

Akamwonyesha mke wa Mwalimu namna ya kuviringisha nguo ndani ya taulo kavu na kulikanyaga ili taulo linywe maji. Wakapanda juu yake wote wawili, wameshikana mikono wasianguke, gari likayumba, vikombe vikagongana. Mkewe akacheka. Kilikuwa kicheko kile cha zamani, cha kuinamia magoti. Mwalimu alikuwa nje chini ya turubai, akakisikia kupitia kioo chenye ukungu. Miaka mitatu hakuwa amekisikia, na sasa kimetolewa na mtu baki mwenye taulo. Alitamani kuingia. Alibaki palepale akiyatazama maji yakichuruzika.

Siku ya tatu jua likatoka, kali, la kutaka sifa. Mkewe akaanika nje, akachukua sabuni na ndoo yake, akaenda bafuni upande wa pili wa uwanja. Basi la abiria lilipita njia panda kila siku saa sita adhuhuri. Sasa ilikuwa saa mbili na nusu.

Mwalimu alikuwa akisafisha kikombe. Akakiweka. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na popote alipokwenda alibeba kichupa chake cha kunyunyizia maji wakati wa kupiga pasi. Mwalimu akakichukua. Hakupanga, mkono ulitangulia, akili ikafuata nyuma. Alikuwa ameishi na fundi muda wa kutosha kujua mahali kitambaa kinapoficha maji: kwenye pindo, kwenye mkanda wa sketi, chini ya kwapa, ndani ya mifuko. Akanyunyiza huko. Kisha akakirudisha kichupa mahali pake.

Mkewe aliporudi, Mwalimu alikuwa ameshashika mkanda wa sketi, anaubinya kwa vidole.

"Bado mbichi," akasema.

Mkewe naye akabinya. Akamwangalia. "Haya," akasema. Saa sita basi likapita, wakasikia honi yake wakiwa wanakunywa chai.

Kesho yake ikawa vilevile. Safari hii Mzee Kamba akapita, mikono nyuma, akikagua kamba za watu kama afisa.

"Zangu zilikauka jana saa nne," akasema. "Hizi zenu zina nini? Mmezifua kwa maji gani, yasiyotaka kwenda kwao?"

"Ni kitambaa kizito," Mwalimu akajibu, masikio yakimwaka moto.

"Blauzi hii? Hii hata pumzi ya paka inaikausha!"

Mkewe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari akishona kifungo. Hakuinua uso.

Siku ya tano tangu nguo zifuliwe, mkewe akaenda bafuni kama kawaida, na Mwalimu akachukua kichupa kama kawaida. Alikuwa amefika kwenye gauni la buluu, kwapa la kulia, aliposikia sauti nyuma yake.

"Malizia. Bado mkono wa kushoto."

Akageuka. Mkewe alisimama pale na ndoo kavu mkononi. Hakuwa amekwenda popote. Alikuwa nyuma ya gari muda wote.

Mwalimu alitafuta mahali pa kukificha kichupa, asipate. "Ulikuwa unajua?"

"Miaka thelathini nashika vitambaa. Umande gani huo unaoingia mfukoni ukaacha mgongo?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Akaiweka ndoo chini. "Nilijiambia, mwanamume anayelowesha nguo za mkewe asiondoke hawezi kukosa neno moja la kumwambia. Juzi nikangoja. Jana nikangoja. Wewe unaniambia 'bado mbichi'."

Mwalimu akaketi kwenye ngazi. Mkewe hakuketi.

"Hivi unajua kwa nini naondoka?"

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Alijua. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Alianza kusema kabla hajaota meno yote, na hakunyamaza tena, hata usingizini, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Alifariki akiwa na miaka kumi na tisa, kwa homa ya siku tisa. Wiki moja baada ya mazishi, dada wa mkewe alimchukua mama mtu akakae kwake apumzike. Aliporudi siku ya tano, alikuta kabati la binti yake tupu. Mwalimu alikuwa amezifua nguo zote, amezipiga pasi na kuzigawa. Kilichobaki kilikuwa kitanda kimetandikwa. Mama akaukumbatia mto wa mwanawe, akaingiza uso ndani yake, akakuta harufu ya sabuni. Siku ile alimwuliza mumewe kwa nini. Mumewe akajibu, "Nilidhani nakusaidia." Hakuongeza neno, siku hiyo wala miaka mitatu iliyofuata.

"Foronya," mkewe akasema sasa. "Hata foronya hukuniachia."

"Sikufua kwa ajili yako," Mwalimu akasema.

Mkewe akamgeukia.

"Nilikudanganya. Ulipoondoka nililala chumbani kwake. Kila siku. Nilijifunika lile sweta lake la kijivu usoni, nikasikia harufu yake, nikamwita. Halafu nikangoja aitike. Si utani, nilingoja kabisa, nimetega sikio. Nikaogopa. Nikasema narukwa na akili, na mke wangu atarudi akute wawili wamekwenda. Nikalichukua sweta nikalichovya kwenye beseni. Povu lilipoingia nikataka kulitoa, lakini lilikuwa limeshalowa lote. Nikaona basi, kosa na liwe kosa zima. Nikafua kila kitu." Akafuta pua kwa kiganja. "Nilitaka kukuambia. Kila nikifungua mdomo naiona ile foronya kwenye maji."

Ndege walikuwa wakipiga kelele misonobarini. Mkewe akaketi polepole kwenye ngazi, ubavuni mwake.

"Ulimwita kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Na mimi nilikuwa namwita," mkewe akasema. "Kwa dada, chooni, nimefungulia bomba wasinisikie. Miaka yote hii nilijua ni mimi peke yangu." Machozi yakamshuka, hakuyafuta. "Ungeniambia, baba. Ningerudi siku ileile tukamwita pamoja."

Mwalimu akamshika mkono. "Mama Chiriku, usiende."

Mkewe akashtuka kama aliyeguswa kidonda. "Unajua tangu tuzike hujaniita hivyo? Watu wote wameacha. Wananiita Fundi, wananiita Dada. Wewe ndiye nilikuwa nakutegemea, nawe ukaanza kuniita 'wewe'. Jina langu lilizikwa na mwanangu."

"Nitakuita. Kila siku nitakuita."

"Utaniita leo na kesho. Keshokutwa utaona wingu." Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayemweleza mteja kuwa kitambaa hakitoshi. "Sikuchukii. Ningekuchukia ningeondoka na gauni hili moja, nisingengoja nguo. Lakini nimekungoja mpaka moyo umekauka kabla ya nguo. Sina cha kungojea nacho tena."

Mwalimu alitaka kubisha. Alifungua mdomo, na safari hii maneno yalikuwepo tele, yakisukumana. Akamtazama usoni, akaona kwamba yote angeweza kuyasema na yasibadilishe kitu. Hilo ndilo lilimvunja. Alikuwa amezoea kuamini kwamba siku atakayosema, kila kitu kitapona.

Akainuka, akazigeuza nguo nje-ndani, akaitoa mifuko nje ipigwe na jua, akaachanisha mapindo kwa vidole. Mkewe akamwonyesha aisogeze sketi mahali penye upepo. Kisha wakakaa wakizitazama. Walimzungumzia binti yao: jinsi alivyombishia daktari wa meno, jinsi alivyosimulia filamu kwa muda mrefu kuliko filamu yenyewe. Mzee Kamba alikuja akiwa na ushauri mdomoni, akawaona wanalia na kucheka kwa pamoja, akageuza njia.

Saa tano nguo zilikuwa kavu. Mwalimu akazianua mwenyewe, moja moja, akimpa mkewe akunje. Alipofika kwenye gauni la buluu alilishika kifuani kidogo. Mkewe alinyoosha mkono, akangoja, naye akampa.

Alimbebea begi hadi njia panda. Basi lilipotokea, alisema tena, "Usiende," kwa sauti iliyomfanya hata kondakta ageuke. Mkewe akamshika shavu, akapanda.

Mwalimu alirudi garini, akafungua kamba, akawasha injini. Mwendo wa kilomita mbili akasikia harufu ya kitu kinachoungua: alikuwa anaendesha na breki ya mkono imekazwa, kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Akasimama pembeni, akalia hadi dereva wa lori akaja kugonga kioo kumwuliza kama ameumia.

"Ndiyo," akasema.

Baada ya miezi mitatu mkewe alikuja nyumbani na gari la shemeji, mume wa dada yake, kuchukua cherehani yake. Alikuwa amepata chumba cha kushonea karibu na dada yake, wateja wameanza kuja. Walikunywa chai. Mwalimu alimwita Mama Chiriku tangu mlangoni, na yeye akaitika. Walizungumza alasiri nzima, na kwa muda mfupi, kikombe cha pili kilipomiminwa, Mwalimu alisahau kwamba gari lilikuwa nje likisubiri. Kisha shemeji akapiga honi.

Mwalimu akaibeba cherehani mwenyewe, akaifunga vizuri isitikisike, akawaelekeza kutoka uani. "Kushoto kidogo," akamwambia shemeji. Gari likatoka, likashika barabara. Yeye akasimama pale getini mpaka vumbi lilipotulia, akarudi ndani, akaviosha vikombe vyote viwili.