Mzee Aliyekalia Mlango

Baba mkwe wangu, Eleázar Palacios, alinyanyua kiti chake, akakiweka katikati ya mlango na kukikalia. Kulikuwa kunakaribia kupambazuka. Akina mama waimbaji walikuwa wamebakiza wimbo mmoja tu, ule wa kumuaga marehemu, na kila aliyekuwa sebuleni alijua kuwa mlango ule unatakiwa uwe wazi.

"Hatoki mtu hapa," akasema.

Siku ya tisa ya msiba ndivyo tunavyofanya huku kwenye mto Atrato. Madhabahu tuliyomjengea marehemu, na ngazi zake, na shuka jeupe, na kipepeo cheusi cha kitambaa pale juu, inabomolewa alfajiri. Mishumaa inazimwa mmoja mmoja, watu wanajipanga safu mbili mpaka mlangoni, roho inapita katikati na kwenda zake. Ikikosa njia inabaki humo humo ndani ikihangaika, haina pake duniani wala mbinguni. Jambo hilo hata adui humwombei, sembuse Mama Eustorgia.

Niseme tu kwamba mimi si mtoto wake wa kuzaa. Niliolewa na mwanawe, Heladio, nikaja nyumba ile kutoka mto mwingine, sijui hata kupara samaki. Siku ya kwanza nilimparura bocachico mpaka nyama ikatoka pamoja na magamba, mawifi zangu wakawa wanasukumana kwa vicheko. Mama Eustorgia akanishika mkono. "Kilaze kisu, mwanangu," akaniambia. "Kashakufa huyo, humkomoi." Tangu siku ile nilikuwa wake.

Nyumba ile ilisimama juu ya mgongo wake. Alilea wanawe, akalea na wa wenzake ambao hata hakuambiwa wataondoka lini. Aliyechelewa mtoni alikuta chakula chake kimefunikwa sahani juu ya jiko, bado kina moto, na sikumbuki kumwona yeye amekaa chini akala. Alikula amesimama, mwiko mkononi, sikio likiwa sebuleni kusikiliza nani anataka nini. Na mara nyingi aliyetaka alikuwa mumewe. Baba Eleázar alikuwa mvuvi hodari na hakuwa mtu mbaya, lakini ndani ya nyumba yake mwenyewe alikuwa mgeni. Hakujua mashati yake yanakaa wapi. Siku zote zile za msiba alikuwa akiita, "Eustorgia!", halafu anabaki mdomo wazi, na sisi tunatazama chini. Iliniuma kuliko vilio vyote nilivyovisikia.

Bibi Cleofe, kiongozi wa waimbaji, alimsogelea pale mlangoni. Yeye na marehemu walikua pamoja.

"Shemeji, inuka. Jua halikungoji wewe."

"Basi lichomoze. Nimelizuia?"

"Unamzuia mwenzio."

"Mwenzangu yuko kwake. Aende wapi? Huko aendako nani anamjua?"

Wanawe wa kiume wawili wakamshika huku na huku ili wamnyanyue na kiti chake. Akashika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili. "Nitamng'ata mtu," akasema, na kwa jinsi alivyokodoa macho nikaamini. Wakamwachia.

"Muacheni baba yangu!" Huyo alikuwa wifi yangu mkubwa, Deyanira, aliyekuja kutoka jiji la Medellín na miwani ya jua ambayo hakuivua hata usiku. Akanigeukia mimi, ingawa nilikuwa bado sijafungua mdomo. "Na wewe Nubia unamkodolea nini? Una haraka ya kurithi jiko?"

"Jiko nilisharithi zamani, wifi, ulipokuwa unakausha rangi ya kucha."

"Mnaona? Mtu wa kuja huyu!"

"Nyamazeni," akasema Heladio. "Mama yupo humu ndani."

 Nje kuku walikuwa wameanza kushuka mitini, na kwenye upenyo wa dirisha palikuwa na weupe kidogo. Bibi Cleofe alitazama dirisha, akatazama mshumaa wa juu kabisa, akarudi kutazama dirisha. Mwanamke yule kawatoa wafu wa mto mzima, sikuwahi kumwona na hofu kabla ya hapo.

Baba Eleázar naye, pale kitini, akaanza tena hadithi yake. Alikuwa ameisimulia kila siku ya msiba, kwa kila aliyekuja kutoa pole na kupewa kikombe chake cha biche, pombe yetu ya miwa.

"Hajawahi kuniacha huyu," akasema. "Mnakumbuka ile siku ya boti? Keshakaa, mkoba mapajani, injini inanguruma. Mimi niko ukingoni, nikampigia kelele: Eustorgia, chumvi iko wapi? Akashuka! Mke wangu alishuka kwenye boti kwa ajili yangu!" Akatutazama mmoja mmoja, machozi yanamtiririka. "Mwanamke anayependa hivyo mtamtoaje nje?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, kwa mazoea tu. Watu walikuwa wanacheka kila mara hapo. Na mimi kila mara nilikuwa naenda jikoni kugongagonga masufuria ili nisisikie. Siku hiyo jikoni hapakunifaa, maana alikuwa amekalia mlango na jua linakuja. Nikapita mbele ya watu wote, nikachuchumaa miguuni pake.

"Baba," nikasema, "mimi ndiye niliyeshika kamba ya boti ile."

"Basi waambie! Waambie kama naongopa."

"Huongopi. Alikuwa amevaa gauni la buluu, alilishona mwenyewe. Alikuwa anakwenda Quibdó kumwona dada yake, Tránsito, kwa sababu aliletewa habari kwamba hali yake si nzuri. Ulipoita, alifumba macho. Mimi nikamwambia, mama, nenda, nitamwonyesha mimi. Akasema, hapana, atakasirika. Akashuka, boti ikaondoka. Nyuma ya mtumbwi mmoja uliofungwa pale chini alilia, baba. Halafu akanawa uso kwa maji ya mto na kupanda ukingo kukuonyesha chumvi. Ilikuwa juu ya meza, kwenye kopo lake, mbele ya macho yako."

 Mashavu ya mzee yalikuwa yanamcheza.

"Mama Tránsito alizikwa kabla boti nyingine haijapita. Unakumbuka. Hawakuonana tena."

"Nubia, basi," akasema Heladio, lakini sikuweza kuacha. Nilikuwa nalia sasa, nalia vibaya, kamasi na kila kitu.

"Kila alipotia mguu nje ya mlango huu mtu alimwita. Wewe ulimwita, wanao walimwita, na mimi nilimwita. Kila mara aligeuka na kurudi. Na leo atarudi, baba, wewe unamjua. Ukimzuia atabaki. Atabaki amesimama hapo hapo jikoni, hata kula hawezi tena."

Deyanira alivua miwani yake. Macho yalikuwa yamevimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki, nami nikamwonea huruma kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane.

"Hakuniambia kama alilia," akasema mzee.

"Angekwambia saa ngapi? Ulikuwa na njaa."

 Bibi Cleofe hakumharakisha, ingawa weupe wa dirishani ulikuwa umeshafika kwenye shuka. Kisha mzee akashika bega langu, akajiinua kwa kulielemea, akakisukuma kiti pembeni kwa goti. Mlango ukawa wazi. Mto ulikuwa umefunikwa na ukungu, maji yenyewe hayaonekani.

Tukajipanga safu mbili. Yeye alisimama mwisho kabisa, pale kizingitini, kofia mkononi. Wimbo ukaanza, ule ambao hakuna anayeupenda, na mishumaa ikazimwa kuanzia chini kwenda juu. Kipepeo kikashushwa, shuka likavutwa. Wakati huo haruhusiwi mtu kupiga kelele wala kumtaja aliyekufa kwa jina, asije akageuka. Ulipozimwa mshumaa wa mwisho nilimwona Baba Eleázar anafungua mdomo. Nilijua ataita. Amemwita maisha yake yote, ataachaje leo?

Hakuita. Alisogea upande kidogo, kama mtu anayempisha mwenye mzigo, akazungumza taratibu kabisa.

"Nenda tu, mke wangu. Usigeuke. Mimi nimeshakula."

Alikuwa hajatia kitu kinywani tangu jana yake asubuhi. Sote tuliokuwa kwenye safu zile mbili tulijua hivyo, na hakuna aliyemsahihisha.