Chérie Ameficha Ndama

Asubuhi Tina alimkuta Chérie nje ya zizi, tumbo limelegea, kondo likining'inia nyuma. Amekwisha kuzaa. Ndama hakuonekana.

Chérie alikuwa ng'ombe wa mama, na jina hilo alipewa na mama, aliyezikwa wakati wa kiangazi. Tangu hapo Tina alibaki peke yake na ng'ombe, kwa kuwa baba alikuwa mlinzi wa ghala mjini Likasi na alirudi Jumapili tu.

Tina alimfuata kimya kimya, akiogopa hata kukanyaga kijiti. Chérie alishuka mtoni akanywa. Akapanda mpaka kwenye kichuguu, akala majani, akarudi palepale nje ya zizi. Kiwele kilimjaa mpaka chuchu zikatanuka, lakini alitafuna tu kama asiye na mtoto. Na majani yalikuwa marefu, yamefunika mashimo ya wachimbaji waliokwisha kuhama. Ndama wa mwaka juzi alifia humo.

Firmin, jirani aliyekuwa akipeleka makaa mtaa wa Kikula mjini, alisimamisha baiskeli.

"Tina! Weye unachunga ngombe, ao ngombe njo anakuchunga weye?"

Tina aliinamisha kichwa.

"Shi ujibu, mutoto ya mama! Ata ngombe anasemaka kukupita!"

Akacheka, akasukuma mzigo wake.

Mchana baba alipiga simu tena. "Umemuona ndama?"

"Bado, baba."

"Mama yako alikuwa anafanya namna gani?"

"Alikuwa anaikala tu, anabambua karanga. Anasema-sema."

"Na nani?"

"Na hakuna muntu."

"Bon, sawa. Umutafute, mwanangu. Mvula isimukute inje."

Siku zote Tina alidhani mama alipenda maneno tu. Sasa alimwona vizuri akilini: mgongo ameyapa majani, sauti ameipandisha. Ng'ombe aliyeisikia sauti hiyo ikitoka mahali pamoja alijua kwamba hafuatwi. Anayetisha ni anayenyamaza, kama chui.

Akachukua ungo wa karanga, akakaa uani, akayapa majani mgongo.

"Jambo, mama," akasema, na aliona haya, ingawa uani palikuwa na kuku mmoja tu. "Karanga ya mwaka huu iko kidogo-kidogo. Kitenge yako ingali mu sanduku, sijaivaa. Chumvi ilikwisha. Naona haya kwenda kuomba kwa jirani, nakula tu vile."

Nyuma yake kwato zilisogea, zikasimama. Tina akapandisha sauti. Kwato zikaenda; majani yakafunguka, yakajifunga. Shingo ilimwasha kwa hamu ya kugeuka. Hakugeuka.

Mbali, upande wa kichuguu, Chérie aliguna chini chini, mguno wa kuita mtoto. Kitu kidogo kikaitika, kisha kimya cha anayenyonya.

Sasa angeweza kunyamaza. Kwenye ungo zilibaki karanga chache.

"Ameitika, mama," Tina akasema, akachukua nyingine. "Bon. Nikuelezee vile bantu balikuzika."