Duka Lililokatwa kwa Msumeno

Reli ilipita maili tatu kusini ya mji wetu, kama tajiri anavyompita fukara mlangoni. Mji wenyewe ulikuwa nyumba tisa na kanisa katikati ya nyasi zisizo na mwisho, lakini duka lilikuwa langu. Nililijenga ubao kwa ubao, na sikuwa tayari kulitazama likifa. Kama kituo kiko kule, duka litakwenda kule, zima, na bidhaa zake ndani.

Ilikuwa Machi na theluji bado ilikuwa ngumu. Tuliliinua duka, tukapitisha magogo mawili chini yake, tukafunga farasi kumi na sita wa majirani.

"Na mimi?" aliuliza mke wangu Ragna. Tuliishi chumba cha nyuma cha duka hilohilo.

"Kaa kitini. Utafika bila kuchafua viatu."

"Ketill, ulinitoa Aislandi ukanileta Winnipeg. Ukanitoa Winnipeg ukanipeleka Dakota. Dakota nako hukutulia, tukaja hapa. Kila mahali uliniambia ndio mwisho. Hapa nimezika mtoto. Siendi."

"Tutakuja kulizuru kaburi."

"Nani, wewe? Wewe hata ibada hukai mpaka amina!"

Akaingia chumbani, akafunga mlango. "Nitoe kama unaweza," akasema kutoka ndani.

Sikumtoa. Niliwapigia farasi mluzi, duka likasogea na yeye ndani yake. Nilitembea mbele nikicheka kama mtu aliyeshinda kesi.

Maili moja na nusu baadaye magogo yalizama kwenye bonde, theluji ya chini ikiwa imeshaanza kuwa maji. Farasi walivuta hadi mapovu yakawatoka. Jirani yangu Gisli, mwenye farasi wanane kati ya wale, akatupa kofia chini.

"Bwana Ketill, hili si duka, ni meli. Shusha magunia ya unga."

"Duka likifika tupu ni banda."

"Basi likate vipande viwili. Wenzetu hukata nyumba wakihamisha. Nusu leo, nusu kesho."

Kulikata! Ilikuwa kama kuniambia nijikate mguu. Lakini treni ya kwanza ilikuwa inakuja Jumamosi, siku mbili tu mbele, na mfanyabiashara mmoja wa mji mkubwa alishashusha mbao za kujengea duka lake pale kituoni. Nikaleta ule msumeno mrefu wa watu wawili. Gisli akashika upande wa pili, lakini mlango wa nyuma ukafunguka na Ragna akashuka, mikono ameikunja.

"Nipishe, shemeji."

Akavuta msumeno kwa nguvu kuliko mwanamume yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Unga wa mbao ulimjaa kwenye nyusi, na hakupumzika hata mara moja. Nikajua moyo wake umegeuka. Nilimpenda sana siku ile.

Nusu ya mbele ilifika kituoni kabla jua halijatua, nami nikalala humo; Ragna alibaki kwenye nusu ya nyuma. Ijumaa asubuhi farasi wakarudi kuchukua nusu ya nyuma. Adhuhuri wakaja bila kitu.

"Iko wapi?" nikamuuliza Gisli.

"Iko palepale. Mkeo alisimama mbele ya farasi wangu na sufuria ya uji unaochemka. Anasema nusu yake imeshafika. Pale anauona msalaba wa kanisa, kule yaliko makaburi."

"Nawe ukaogopa uji?"

"Ule uji, ndugu yangu, hata wewe ungeuogopa."

Jumamosi treni ikaja. Watu walishuka na kujaa dukani wakitaka misumari, kahawa, blanketi, mafuta ya taa. Nyuma ya kaunta hapakuwa na ukuta, upepo uliingia na kupeperusha karatasi za kufungia sukari. Kila nilipogeuka kuchukua kitu rafuni niliona uwanda mzima, na mbali kabisa, moshi mwembamba wa jiko. Nilikosea kupima mara tatu. Mgeni mmoja akaniambia nitundike turubai nizibe baridi. Nililitwaa turubai, nikalikunjua, nikashindwa kulitundika.

"Nje wote!" nikapiga kelele.

"Lakini treni ndiyo kwanza imefika, bwana!"

"Nimeiona. Nje!"

Mfanyabiashara wa mjini, aliyekuwa bado anapanga mbao zake, alinitazama nikipita kama anayemtazama kichaa. Nilitembea maili moja na nusu kwenye tope, nikikasirika njia nzima: nikimkasirikia Ragna, reli, miguu yangu mwenyewe isiyojua kutulia.

Chumba kilikuwa kimekaa upande, na mahali palipokatwa alikuwa ametundika mazulia yetu. Nikabisha kwenye ubao kando ya mazulia.

"Umekuja kununua au kuuza?" akauliza bila kutoka.

"Nimekuja kulala."

"Kesho?"

"Kesho nitaenda dukani. Jioni nitarudi."

"Na ukichoka kurudi?"

Mara hii sikubuni ahadi; nikaanza kujikung'uta tope. Zulia likasogea.

"Buti ziache nje," akasema.