Mashimba Anamsaka Mwizi

Ng'ombe wa mahari husindikizwa na ukoo, lakini wa Mashimba hawakusindikizwa na mtu. Binamu zake walikataa mmoja mmoja, kwa heshima zote: "Tukikutwa na wewe na ng'ombe, kaka, nani atatuuliza mara ya pili?" Basi akawatoa mwenyewe mnadani Lalago, kuelekea Ipililo kwa Mzee Luhende, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, na baba yake Milembe.

Jamani, huyu Mashimba zamani alikuwa balaa! Toka Lalago mpaka kule Mwanhuzi, zizi likikutwa tupu asubuhi, watu hawakuuliza nani. Waliuliza kaelekea wapi. Naye akavimba kichwa. Aliamini kabisa kwamba mwanamume ni yule anayelala mchana na kutisha usiku, na kwamba wanaolima ni watu waliokosa moyo. Kisha akakamatwa, akaungama mbele ya sungusungu, akaapa kuacha, akasamehewa kwa sharti moja: kosa lolote la ng'ombe, anafukuzwa asirudi tena. Ushirika ulikuwa umeacha kuwa mnunuzi pekee wa pamba, malori ya kampuni binafsi yanagombania mizigo, na Mashimba akawa kibarua wa kubeba magunia. Wenzake wa zamani walimcheka: "Umeolewa na magunia, Mashimba!" Ilimuuma sana, lakini akaendelea kubeba mpaka ng'ombe wa mahari wakapatikana.

Milembe alikuwa amemwonya. "Pita barabarani, mchana kweupe. Na upige kelele! Watu wajue kuna mwanamume anakuja kuoa."

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Tangu aache kuchunga, akiwa mtoto, Mashimba hakuwahi kuswaga ng'ombe jua likiwa juu. Alijaribu kupiga mbinja, mdomo ukakauka. Alijaribu kufoka, ikatoka sauti ya mtu anayenong'ona kanisani. Mgongo nao ukainama wenyewe. Baiskeli ikitokea mbele, anajikuta yumo kichakani na ng'ombe wake, kimya. Akitoka anajilaani: "We mjinga, hawa si ni wa kwako!" Mbele kidogo, yumo kichakani tena.

Karibu na Ipililo, mama mmoja aitwaye Maximiliana alikuwa akichuma pamba. Akaona ng'ombe wanapita kando ya vichaka bila sauti yoyote, na nyuma yao mgongo wa mtu aliyeinama. Mama wa watu hakusubiri kuona uso. Akapiga mwano, lile yowe la Kisukuma ambalo kila mwanamume akilisikia lazima atoke mbio na silaha, na asipotoka hutozwa faini.

Mashimba, ambaye sasa alikuwa ameshashuka bondeni na mifugo yake, akalisikia. Miguu ikageukia porini kwa mazoea. Lakini moyo ukamwambia: si uliapa? Mwano umelia, na kamanda ni baba mkwe, atajua nani hakuja. Akawaacha ng'ombe palepale, akakamata fimbo, akapanda kuelekea kwenye yowe kwa kasi, akawawahi hata wanaume wa hapohapo.

"Mwizi yuko wapi, mama?" akauliza akihema.

"Kaelekea bondeni na ng'ombe za watu!"

"Bondeni? Mbona nimetoka huko sasa hivi na sijaona mtu!" Akatikisa kichwa. "Basi huyo si wa kawaida."

Mzee Luhende akafika na upinde wake, vijana nyuma yake. Akamtazama Mashimba kutoka juu mpaka chini. "Haya, ng'wanawane, mwanangu, kazi hii unaijua kuliko sisi. Tangulia."

Weee! Kifua kilimpanuka. Yeye, Mashimba, anaongoza sungusungu mbele ya baba mkwe! Akainama kwenye nyayo. "Mnaona? Anakanyaga kwa vidole. Fundi huyu. Lakini kupita mchana! Hana akili hata kidogo. Hapa kajificha. Hapa kajificha tena. Mwoga mkubwa!"

"Mwoga!" vijana wakaitikia.

Nyayo zikawafikisha bondeni, kwenye shamba la Mzee Mayala. Humo ndani, wametulia kabisa, wanakula pamba, walikuwemo ng'ombe wa Mashimba.

Alisimama akaduwaa. Nyuma yake alisikia mishale ikitolewa. "Hawa..." akasema kwa sauti ndogo, "hawa ni wangu."

Hapo hofu ilimshika kweli. Korongo lilikuwa karibu, na mbio alikuwa nazo. Lakini akikimbia, Milembe amekwenda. Akapiga magoti. "Baba, ni mahari, nimewanunua mnadani! Mwizi mnayemtafuta ni mimi, ila sijaiba. Kuswaga ng'ombe mchana kumenishinda. Mwili hautaki!"

Maximiliana, aliyekuwa amewafuata, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Upinde mmoja ukashuka, halafu mwingine. Mzee Luhende alijitahidi kukaza uso wa kikamanda, akashindwa.

"Nimewasaka wezi miaka mingi," akasema. "Wote huukimbia mwano. Wewe umeukimbilia. Inuka."

"Na pamba yangu je?" Mzee Mayala akafoka kutoka katikati ya wasakaji. "Ninyi mnacheka, mimi nimeliwa shamba!"

"Sheria ni ileile," alisema Luhende. "Mifugo ya jirani ikiingia shambani, mwenyewe anatoa mbuzi. Mashimba, utatoa mbuzi."

Mifugo ya jirani. Mashimba alisubiri neno la kufukuzwa, halikuja. Machozi yakamtoka mbele ya wanaume wote wale, wala hakuyafuta.

Mzee Mayala akaona haya. "Basi, basi, mwanangu, usilie. Lete kuku tu, yaishe."

"Kuku?" Mashimba akaja juu. "Kwani mimi mgeni hapa, baba? Wenzangu wote wanatoa mbuzi, na mimi natoa mbuzi!"