Mtu wa Tatu Hotelini

Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na hawakuwahi kusafiri wawili peke yao. Kwa hiyo mtunza bohari alipomwambia mkewe, muuguzi wa wodi ya wazazi, kwamba amekodi chumba kwenye hoteli ya ufukweni, siku tano, na matembezi juu yake, mke alinunua kofia pana na vazi la kuogelea. Alilijaribu bafuni, mlango ameutia ufunguo, akacheka peke yake.

Walipofika, wifi yake alikuwa ameketi mapokezini na masanduku matatu.

"Karibuni," akasema, utadhani hoteli ni yake. "Mmechelewa."

Muuguzi akamgeukia mumewe. Mume akawa anasoma bango la saa za chakula kwa makini sana.

"Dada naye amechoka na cherehani," akanong'ona. "Nikaona tusiwe wachoyo."

Chumba kilikuwa kimoja, na pazia katikati. Wifi alichukua kitanda cha dirishani kwa sababu ya mgongo, akazima kiyoyozi kwa sababu ya kifua, akaanika soksi zake mbichi juu ya ile kofia mpya.

Asubuhi, mezani, akaanza tena. "Kaka yangu hali yai la kukaanga. Miaka yote hiyo hujajua?"

"Wifi, kajipakulia mwenyewe."

"Ndiyo, maana hana wa kumpakulia."

Muuguzi aliyameza pamoja na chai.

Siku ya pili gari la hoteli liliwapeleka kwenye gereza la kale juu ya kilima. Wifi alipanda wa kwanza, akamvuta kaka yake kiti cha mbele. Muuguzi alibanwa nyuma kabisa, magoti yakigusa tairi la akiba. Walipofika, mwanamama aliyekuwa akiwatembeza, mchangamfu kupita kiasi, akawaita penye ukuta.

"Haya, bwana na bibi wa kiti cha mbele, sogeeni! Mama, hebu tusaidie kupiga picha." Akampa muuguzi simu.

Muuguzi alisubiri. Neno moja tu la mumewe lingetosha.

Wifi aliangua kicheko, akaegemea bega la kaka yake. "Huyo tumekuja naye tu," akasema. "Mtu wa nyumbani."

Mume akaitazama simu, akatabasamu.

Muuguzi akapiga picha. Akapiga tatu, wasije wakasema mkono ulimtetemeka. Lakini kuanzia hapo hasira zake zilimhama wifi, zikamwangukia aliyetabasamu.

Kesho yake ilikuwa safari ya mapango na maporomoko ya maji. Wale wawili wakiwa bado wanajivuta kwenye kifungua kinywa, yeye alishuka peke yake hadi garini.

"Wenzako, mama?" dereva akauliza.

"Hawaendi. Washa gari."

Alisimama chini ya maporomoko na vazi lake jipya mpaka midomo ikamtetemeka kwa baridi, na kwa saa nzima hakuwakumbuka.

Alasiri aliwakuta barazani, wamevimba.

"Umetuacha kama mizigo!" wifi akafoka. "Kwenu hamkufundishwa adabu?"

"Kwetu tulifundishwa kutoingia chumba cha mtu na mkewe. Kwenu je?"

Wifi akainuka kitini. Kisha yakamwagika yote: upishi wake mbovu, watoto wake wa kike watupu, zamu zake za usiku ambazo Mungu ndiye anajua anazifanyia wapi. Waogeleaji bwawani wakaacha kuogelea. Muuguzi alimwacha amalize, kama anavyomwacha mgonjwa anayemtukana kwa uchungu wa kuzaa, ila huyu hakumhurumia. Akamtazama mumewe.

"Na wewe unasemaje?"

"Jamani, tuko likizo," mume akasema.

Muuguzi alikwenda mapokezini, akaomba chumba chake mwenyewe, ghorofa ya juu. Magharibi mume akaja kugonga.

"Fungua tuyamalize. Sasa dada nimwambie nini?"

"Mwambie mimi ni nani kwako. Mezani, watu wakisikia."

"Unamjua alivyo. Atalia."

"Alie."

Chini kengele ya chakula ikalia. Viatu vya mume vilisita mlangoni, kisha vikashuka ngazi polepole. Baada ya dakika chache muuguzi alimpigia simu mtu wa jikoni, akauliza yule mwanamke aliyekuja nao ameketi wapi.

"Yuko na mumewe, mama, wameshaketi," akajibiwa.

"Huyo si mumewe," muuguzi akasema. "Lakini waacheni. Mimi nileteeni samaki huku juu."

Siku zilizobaki mumewe alipomsalimu kwenye korido, alimjibu "Nzuri," akapita.